Aliyekomanga Huachiwa

Siku ya kuniaga kazini, mkurugenzi wetu alisimama mbele ya soda na sambusa akasema kwamba Mama Zena alikuwa na moyo laini. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, kwa kuwa sambusa zilikuwa zinapoa na mwenye hotuba hakatizwi. Lakini sasa niko nyumbani hapa Rumonge, mshahara wa mtu haunifungi mdomo tena, na ninawaandikia ninyi vijana mliobaki kwenye madawati yale ili niseme nilichonyamazia siku ile. Moyo laini sina. Nimekamata injini za boti za watu, mojawapo ya binamu yangu, na usiku wake nililala usingizi mzuri. Nilichokuwa nacho ni kanuni, na kanuni ile sikuipata shuleni, ambako sikukaa sana. Niliipata kwenye judo.

Kabla sijashika kalamu ya kazi nilishika kola ya mtu. Nyuma ya kinu cha mawese palikuwa na banda la mabati, na humo Maître Evariste alitufundisha jioni. Mchana alikuwa fundi wa injini za boti, kwa hiyo mikono yake ilinuka petroli hata akioga. Tulimwita Maître, kama watoto wa shule wanavyomwita mwalimu kwa Kifaransa. Tatami yetu ilikuwa magunia yaliyoshindiliwa maganda ya mpunga na kufunikwa turubai. Ukianguka vizuri, magunia yalilia. Ukianguka vibaya, ulilia wewe.

Tulikwenda wawili, mimi na mdogo wangu Isa. Kwa muda mrefu nilikuwa msichana peke yangu. Nilivaa suruali ndefu na kitambaa kichwani, na aliyetaka kucheka alicheka akiwa chini. Tatizo lilikuwa nyumbani. Mama alisikia kwamba tunainama kabla ya kushikana, akauliza tunamwinamia nani, maana Muislamu hainami ila kwa Mola wake. Isa alimpelekea Maître swali lile lile, bila kulilainisha. Maître alikuwa Mkatoliki na hakukasirika. Alisema, "Mwambieni mama hamumwinamii mtu. Munapeana ahadi kwamba hamutaumizana. Ahadi hiyo mukiweza kuipeana kwa mukono kifuani, mimi sina neno." Tangu siku hiyo sisi wawili tuliweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo tu, na hata wenzetu Wakristo wakaanza kufanya hivyo kwa sababu waliona inapendeza.

Muda mrefu wa mwanzo hatukumwangusha mtu. Tulijifunza kuanguka. Kuanguka mbele, nyuma, ubavu, mkono ukipiga turubai ili mwili usipokee pigo lote. Watu waliacha kwa kuchoshwa na jambo hilo, wakisema hawakuja kulipa ada ili waanguke, kuanguka wanakujua bure. Baada ya hapo ndipo Maître alipotufundisha kugonga. Ukibanwa shingo au mkono ukanyongwa kiwiko, unapiga kwa kiganja mara mbili, juu ya tatami au mwilini mwa mwenzako, naye anakuachia papo hapo. Hamalizii. Hasemi neno. Anaachia. Maître alisema kwa Kirundi chake kwamba huko ni gukomanga, kubisha mlango, na sisi tukalichukua neno tukalivika Kiswahili: kukomanga. "Hodi iko ya kuingia," alisema. "Hii iko hodi ya kutoka. Mutu akiipiga, unafungua."

Isa hakuipenda. Alikuwa mwepesi, mzuri kuliko mimi, na alijiona ana aibu ya kutosha kwa kuwa na dada anayemwangusha. Jioni moja alibanwa mkono na kijana mmoja kutoka Gatete, akabanwa sawasawa, tukamwona uso unabadilika rangi. Nikamwambia, "Isa, komanga!" Akanijibu kwa meno yaliyokutana, "Yaya, nyamaza." Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa hapa kando ya ziwa. Kiwiko kikalia. Yule kijana wa Gatete aliruka nyuma akaanza kutetemeka kuliko aliyevunjika.

Tulidhani Maître atamgombeza kijana. Alimgombeza Isa, huku akimfunga mkono kwa ubao wa sanduku na kitambaa. "Mwenzako hana macho ndani ya mukono wako! Atajuaje? Ulimufanya awe mutu wa kuvunja watu, naye hakutaka." Mkono ulipona, ila haukunyooka tena wote.

Niliingia kwenye ushirika wetu wa akiba na mikopo wakati ulikuwa chumba kimoja na sefu moja ambayo funguo zake zilishikwa na watu wawili wasiopatana, na huo nao ni ulinzi. Nilianza kwa kufagia na kuita watu kwenye gishe, dirisha la kuhudumia wanachama, baadaye nikawa ajenti wa mikopo, mtu wa kwenda kwa wanachama ufukweni. Siku yangu ya kwanza ya kwenda nje nilipelekwa Magara na mkuu wangu wa wakati ule. Nilivaa viatu vipya, kosa la kwanza. Kosa la pili, kila mtu aliyetukaribia nilimwekea mkono kifuani na kuinamisha kichwa, kwa mazoea ya banda la mabati. Mama mmoja muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, akaniangalia kwa huruma.

"Yoo, binti. Umefiwa na nani?"

"Sijafiwa, mama. Nasalimia."

"Basi salimia kwa mudomo, sha. Hivi unatutisha, tunadhani biro ya ushirika imekuja kutangaza kilio."

Wakacheka hadi wenye mitumbwi wakageuka. Sikuacha kusalimia hivyo. Niliongeza amahoro, yaani amani, kwa mdomo, nikabaki na mkono wangu kifuani, na baada ya muda watu wa ufukwe walinijua kwa mkono ule kabla ya kunijua kwa jina. Mtu unayekwenda kumkopesha, na labda kumbana baadaye, mpe ahadi yako kwanza. Akijua hukuja kumuumiza, atakuambia ukweli wa wavu wake.

Mkuu wangu alikuwa mtu wa haki lakini alithamini mtumbwi ukiwa umevutwa mchangani, akiuzunguka na kuugonga kwa ufunguo wa pikipiki. Mtumbwi mchangani ni kama mtu aliyelala, huwezi kujua anakimbiaje. Mimi nilingoja urudi alfajiri na samaki, nikaangalia maji yaliyomo ndani, nikaangalia nani anayakumba kuyatoa nje na kwa haraka gani. Mtu akikumba maji huku anakusimulia habari, mtumbwi ni mzima. Akikumba kimya, usimkopeshe. Ndagala nazo nilizishika mkononi: zilizokauka vizuri kwenye kichanja hazina mchanga, zilizokaushwa chini kwa uvivu zinakwaruza kidole. Kidole changu kimekataa mikopo mingi, na hakijawahi kuandikiwa ripoti.

Jambo nililopigania kwanza lilikuwa mwezi. Ofisi ilikuwa imepanga kwamba kila mwanachama alipe mwisho wa mwezi wa kalenda. Muuza nguo sokoni, sawa. Lakini mvuvi wa ndagala anavua kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa yake haina kazi, samaki hawaji, wavuvi wanashona nyavu na kugombana na wake zao. Mwisho wa mwezi wa ofisi ukiangukia mbalamwezi, tulikuwa tunamdai mtu katika wiki ambayo ziwa lenyewe limefunga duka. Kisha tunaandika kwamba watu wa Magara ni wakaidi. Maître alikuwa ametufundisha kwamba mtu akiegemea nyuma humvuti, utavuta siku nzima. Ngoja anapokuja mbele, kwa hatua yake mwenyewe, ndipo uvute kidogo tu. Nilimwambia mkuu wangu tudai baada ya siku za giza, zisizo na mbalamwezi, mtu akiwa na samaki mkononi. Akauliza nani atakayekuwa anahesabu miezi ya angani. Nikamjibu kwamba sisi Waislamu wa Rumonge tunaihesabu kila mwaka tukingojea Ramadhani, na hatujawahi kuajiri mhasibu kwa ajili hiyo. Alicheka, akakubali kwa majaribio. Majaribio hayo bado yanaendelea.

Sasa lazima niandike juu ya Isa.

Alihamia Kabonga, karibu na mpaka, akaoa huko, akavua. Alikopa kwa ajili ya injini, si kwetu, kwa wakopeshaji wengine wa upande ule. Kwao, aliyekuja kabla ya siku yake ya kulipa kueleza kwamba amekwama alisimamishwa mbele ya foleni na kusomewa jina kwa sauti, ili wengine wajifunze. Wengine walijifunza. Walijifunza kutokuja. Isa hakwenda, na hakuniambia mimi, ingawa nilifanya kazi hiyo hiyo na nilikuwa dada yake. Siku yake ilipokaribia upepo ulikuwa mbaya na wenzake wote walivuta mitumbwi juu. Mkewe alimwambia asitoke. Akamjibu kwamba akirudi na kitu, hatakuwa na haja ya kuongea na mtu.

Mtumbwi ulipatikana. Yeye hakupatikana. Tulimsalia sala ya ghaibu, sala ya maiti asiyekuwepo mbele yenu, na Maître Evariste alisimama nje ya msikiti mpaka tulipotoka. Hakuniambia pole. Aliweka mkono kifuani. Naye sasa ameshatangulia, Mungu amrehemu.

Sikulia mbele za watu na sikuacha kwenda kazini. Kilio changu nilikifanyia kazi. Nilikaa na mkuu wangu, nikamwambia kwamba hapa kwetu mtu atakayekuja mwenyewe kabla ya siku yake, akaweka kiganja mezani na kugonga mara mbili, ataachiwa. Hatasomewa jina, hatahojiwa mbele ya foleni, hatahubiriwa. Tutakaa naye, tutapanga upya, basi.

Mkuu akasema, "Watakuja wote kugonga."

Nikamwambia hapana, kwa sababu kwenye judo anayekomanga ameshindwa pambano. Anasimama, anasalimia, anakwenda kukaa pembeni. Hapati pambano jingine jioni hiyo. Basi na kwetu aliyekomanga hatakopa tena hadi amalize lile deni na apitishe msimu mzima akiwa amekaa. Hakuna mvuvi anayependa kukaa. Na asiyekomanga, siku yake ikapita akajificha, huyo nitambana mimi mwenyewe na sitamwachia. Kanuni ilikuwa na mikono miwili, na waliosema nina moyo laini waliuona mmoja.

Mkono wa pili muulizeni Haji Saidi. Haji alikuwa muuza mawese mwenye mali, duka lake lilijaa bidoni, yaani madumu, hadi barazani, na alichukua mkopo wetu akauzoea kama mke. Siku zikapita. Nilipofika dukani, sauti ilitoka nyuma ya pazia: "Mwambieni Haji ameenda Bujumbura." Ilikuwa sauti ya Haji.

Nikaketi juu ya bidoni la mawese, katikati ya mlango. Katika judo kuna kumlalia mtu tu. Humpigi, humnyongi, unaweka uzito wako mahali pake na kutulia, mwamuzi anahesabu. Wateja wakaanza kuja.

"Mama Zena! Umeanza kuuza mawese?"

"Hapana, nalinda tu. Mwenye duka amesafiri, na ameacha mlango wazi, maskini."

"Basi nipimie hiyo chupa."

"Siwezi, ndugu yangu. Bei anaijua Haji, na Haji iko Bujumbura."

Wakacheka, wakaenda kununua kwa jirani. Wa tatu alipoondoka pazia likafunguka.

"Weye mwanamuke! Biashara yangu inakufa juu yako!"

"Haji, karibu! Bujumbura siku hizi iko karibu sana."

"Kwa nini juzi muvuvi mumoja wa Magara mulimwachia, mimi munanikalia mulangoni kama deni la kaburi?"

"Yeye alikomanga."

"Haya." Akapiga pipa lake kwa kiganja, mara mbili, kwa nguvu. "Na mimi nimekomanga."

"Sasa? Haji, mwamuzi amemaliza kuhesabu, watu wameshavaa viatu. Lipa."

Alilipa kabla ya adhana ya adhuhuri, akinung'unika kwamba baba yangu alikuwa mtu mpole na hajui mimi nilitokea wapi. Baadaye alinitumia chupa ya mawese ya amani. Niliirudisha ikiwa imefungwa vile vile. Ajenti wa mikopo akionja mawese ya mwanachama, ulimi wake unakuwa mzito siku ya kusema hapana. Hilo nalo liandikeni mahali.

Tuliendesha hivyo miaka mingi. Neno likaenea ufukweni, kukomanga, hata kwa watu wasiojua judo ni kitu gani. Nimesikia mwanamke sokoni akimwambia mumewe, "Si ukomange tu, yaishe." Sikuuliza waligombania nini.

Kisha mambo mawili yakaja karibu karibu: tukapata mkurugenzi mpya, na ziwa likapanda.

Mkurugenzi simwiti mtu mbaya. Ni kijana msomi, nadhifu, anasalimia wafagiaji. Alikuta mikopo iliyochelewa na wakubwa wake wakimuuliza kwa nini. Na ziwa halikumsaidia. Maji yalikula fukwe, yakaingia mitaani, yakasimama ndani ya nyumba za watu kana kwamba yamepanga. Huko Gatete yalichukua vichanja vya Generoza vyote, na ukuta wa nyuma wa nyumba yake. Generoza ni mjane, mkausha ndagala, na alikuwa na mtumbwi wenye injini ambao wavuvi waliukodi kwake. Mtumbwi huo ndio ulikuwa rehani yetu. Ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho kinachoingiza chochote.

Alikuja kabla ya siku yake. Alikuwa amevaa kitenge kizuri, na miguuni tope hadi magotini, maana hapakuwa na njia nyingine ya kutoka kwake. Alikaa, akaweka kiganja juu ya meza yangu, akagonga mara mbili, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Mama Zena, nimekomanga."

"Nimesikia, mama. Kaa tupange."

Tulipanga. Nilipopeleka mpango ndani, mkurugenzi alifunga mlango.

"Mama Zena, hii mambo ya kupiga meza iko imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa, Shefu."

"Basi haiko."

"Hodi nayo haikuandikwa. Lakini ulipokuja kunipa pole ya msiba wa mama, uliipiga."

Alitabasamu kidogo, kwa sababu si mtu mbaya kama nilivyosema. Kisha akaacha. "Sikiliza. Ufukwe muzima uko ndani ya maji. Leo Generoza, kesho hamsini. Mtu akijua ataachiwa, atagonga hata hajabanwa. Wakubwa wakiniuliza nitawajibu nini? Kwamba watu wamepiga meza? Tukamate mmoja, wengine wataona."

"Wataona, Shefu. Wataacha kuja. Sasa hivi unawajua waliokwama kwa sababu wanakuja wenyewe. Utawajua kwa njia gani wakijificha?"

"Karatasi ya kukamata inataka saini ya ajenti." Akaisogeza mbele yangu. "Saini."

"Amekomanga."

"Ninajua. Saini."

"Sisaini, Shefu. Mtumbwi utaukamata ukitaka, wewe ni mkubwa. Jina langu chini yake halitakuwepo."

"Umebakiza muda mfupi ustaafu. Unajua naweza kukuondoa ufukweni."

"Najua. Mimi nilifundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kuangusha."

Sitasema sikuogopa. Lakini nilimfikiria yule mama akipita kwenye maji kuja kwetu kwa miguu yake, na nikamfikiria mtu mwingine ambaye hakuja. Mkono wangu haukushika kalamu. Kama huo ni ulaini, basi nionyesheni ugumu ni upi.

Nilihamishiwa kwenye meza ya mlangoni, kugawa namba za foleni. Saini ikatolewa na mwingine, simtaji, ana watoto wa kusomesha. Mtumbwi wa Generoza ukaletwa juu ya gari na kuwekwa ua wa ofisi, chini ya jua. Kila asubuhi nilipita kando yake. Mtumbwi wa mbao nje ya maji hulia kama kitanda cha zamani, mbao zinajivuta, maungio yanafunguka. Niliusikia ukipasuka huku nikiwaambia watu, "Chukua namba, mama. Keti pale, baba." Hawakukaa wengi. Wale wa ufukweni waliuona mtumbwi, wakageuka hapo hapo mlangoni. Ajenti waliotumwa Magara na Gatete walirudi wakisema hawakumkuta mtu yeyote nyumbani, wote wameenda Bujumbura. Nilitaka kucheka, nikakumbuka nimehamishwa.

Siku ya mnada watu walijaa uani. Mpiga mnada alipaza sauti, akausifu mtumbwi, akausifu injini, akataja bei ya kuanzia. Kimya. Akashusha. Kimya. Mtu mmoja nyuma akauliza kama bei hiyo ni pamoja na nyufa. Macho yote yakamwendea Haji Saidi, kwa sababu ndiye aliyekuwa na pesa ya kununua kitu kizima bila kufikiri, na alikuwa amekuja na gari. Akauzunguka, akainama, akaingiza kidole kwenye ufa.

"Haji, sema bei," mpiga mnada akambembeleza. "Kwako iko kama kununua embe."

Haji akajinyoosha. "Mwenye chombo hiki alikomanga. Mimi sikukomanga, nililipishwa mbele ya wateja wangu, na nilistahili. Yeye alikuja. Chombo cha mutu aliyekuja mimi sinunui, wala atakayenunua asije kwangu kutafuta mawese." Akageukia mlangoni nilipokaa, akaniambia kwa sauti ya wote, "Na weye usifikiri tumepatana!"

"Sijafikiri, Haji."

Watu wakaondoka mmoja mmoja, bila kelele. Mpiga mnada alibaki na kengele yake.

Mkurugenzi aliyaona yote kutoka dirishani. Hakuwa mjinga, nasema tena. Wiki iliyofuata mtumbwi ulirudishwa Gatete kwa gari lile lile, Generoza akapangiwa upya karibu sawasawa na nilivyokuwa nimempangia, na fundi wa kuziba nyufa akalipwa na ofisi. Hakuna aliyetangaza kwamba kanuni imerudi. Hakuna aliyesema nilikuwa sahihi, nami sikurudishwa ufukweni. Niligawa namba mpaka mwisho. Kilichoniuma si meza ile. Sikujua kama mtu akija kukomanga tena kungekuwa na wa kumfungulia, maana Haji anaweza kukataa kununua, lakini hawezi kukaa gishe badala ya ajenti.

Meza yangu ya zamani alipewa Divine, msichana mpya kutoka chuo, mwoga wa kila kitu, hata stepla. Sikumfundisha lolote. Hakuna aliyeniomba, na mtu wa namba hafundishi ajenti.

Karibu na mwisho wangu alikuja mvuvi wa makamo kutoka Kabonga, kofia mkononi. Nilimpa namba. Alikaa, akaitwa, akaenda kwa Divine, akasimama. Alitazama mlango wa mkurugenzi uliokuwa wazi. Kisha akaweka kiganja chake juu ya meza, akagonga mara mbili.

Divine alitazama kile kiganja. Akatazama mlango wazi. Ndani, mkurugenzi aliinua kichwa, akamwona mtu, akaiona meza, akamwona Divine. Halafu akashusha macho, akaendelea kuandika.

Sauti ya Divine ilitoka ndogo, lakini ilifika hadi mlangoni.

"Nimesikia, baba," akasema. "Vuta kiti."

Nilimwita aliyefuata kwenye foleni, nikampa namba yake.